Kuhamisha hifadhi ya Nexus kwenda diski mpya: ombi, nakala na mtego wa umeme

Ukiandika ombi la kuzima Nexus (seva inayohifadhi vifurushi vya programu), usiombe muda wa saa moja tu. Omba Jumamosi kuanzia saa 3 usiku hadi alfajiri, na uwaarifu pia wenzenu wa Gulu au Mbarara wanaovuta vifurushi kutoka seva ya Kampala.

Kinachokula muda ni wingi wa faili kuliko ukubwa wake. Kila blobu (data ya kitu kimoja kilichohifadhiwa) ina faili mbili, .bytes na .properties, kwa hiyo hifadhi ya miaka michache hujaa faili ndogondogo zisizohesabika. Angalia `df -i` (ainodi, yaani rekodi ambayo kila faili huhitaji moja) pamoja na `df -h` (nafasi). Mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hutenga ainodi moja kwa kila kilobaiti 16 wakati wa kufomati, nazo zaweza kuisha diski ikiwa bado na nafasi. XFS huziongeza zinapohitajika, basi chagua hiyo.

Nakili mara mbili. Ijumaa, huduma ikiendelea:

`rsync -aH /opt/sonatype-work/nexus3/ /mnt/nexus/nexus3/`

Ile / ya mwisho kwenye chanzo ni muhimu; bila hiyo utapata nexus3 ndani ya nexus3. Jumamosi, zima kwa `systemctl stop nexus`, kisha rudia amri ileile ukiongeza `--delete`. Usiwashe kamwe kwa nakala ya Ijumaa pekee: hifadhidata ilikuwa ikiandikwa, na ikipishana na blobu, kifurushi kitaonekana kwenye orodha lakini hakitapakulika.

Fungua bin/nexus.vmoptions ubadilishe kila mstari wenye sonatype-work uelekee /mnt/nexus, siyo ule wa karaf.data tu. Hifadhi za blobu zilizoandikiwa njia kamili hazifuati badiliko hili. Zitaendelea kuandika diski ya zamani. Halafu mpe mtumiaji nexus umiliki: `chown -R nexus:nexus /mnt/nexus/nexus3`. Kwenye Docker namba ya mtumiaji (UID) ni 200.

Sasa mtego wenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, seva inaweza kuwaka kabla diski haijapachikwa. Nexus itakuta folda tupu, itaanzisha hifadhi mpya kabisa, na wote wataamini data imepotea. Dalili yake ni faili mpya ya admin.password. Kwenye /etc/fstab (orodha ya diski za kupachika) tumia UUID, yaani kitambulisho cha diski kisichobadilika, maana sdb ya leo kesho ni sdc, na kwenye nexus.service (faili ya systemd inayowasha Nexus), chini ya [Unit], weka mstari huu ili Nexus isubiri diski:

`RequiresMountsFor=/mnt/nexus`

Washa seva upya kwa makusudi usiku huohuo. Pakua kifurushi cha zamani, pakia kipya, halafu folda ya zamani ibadilishe jina na kuiacha wiki nzima kabla ya kuifuta.