Ulikuwa unamchagua nani utotoni? Jinsi ya kujichunguza jinsia kupitia karakta wa gemu

Haya tuanze na kisingizio, maana huko ndo mambo yamejificha. Mimi utotoni kwenye Super Mario Bros. 2, ile ya 1988 ambayo unachagua kati ya wanne, Mario, Luigi, Toad na Princess, nlikuwa namchukua Princess kila siku, na mtu akiuliza vipi wewe mtoto wa kiume unacheza na binti mfalme, jibu liko mdomoni tayari: "si anaelea!" Na kweli anaelea, akiruka anabaki hewani kama sekunde moja na nusu hivi, anakuvusha mashimo kibao. Sa kisingizio chenye ukweli ndani ndo kibaya kuliko vyote, kinaweza kukubeba miaka na miaka hujawahi kujiuliza swali la jinsia yako.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika karakta wote uliokuwa unawachagua ukiwa mdogo, na pembeni ya kila mmoja andika sababu uliyokuwa unawapa watu. Waliochaguliwa na gemu yenyewe usiwahesabu. Kwenye gemu ya Tomb Raider ya 1996 kila aliyeshika pedi alikuwa Lara Croft, hapakuwa na mwingine, hiyo haikuambii kitu. Tunatafuta pale ulipokuwa na njia mbili ukaenda ile ile kila mara, na hasa pale ulipojitetea hata hujaulizwa.

Afu tafuta gemu ambayo kisingizio chako hakifanyi kazi. Pokémon Crystal inafaa sana, ilitoka Japani mwaka 2000 na ndo ya kwanza kwenye zile kuu za Pokémon kukuuliza kabla hujaanza, wewe ni mvulana au msichana? Safari ni ile ile, mapambano yale yale, hakuna anayeelea. Ukimchagua yule "mwingine" hapo huna pa kujifichia. Mpe jina ambalo ungependa kuitwa, sio jina la utani la kuchekesha, afu cheza wiki mbili tatu, siku moja haitoshi maana siku ya kwanza ni ugeni tu.

Unaangalia nini? Sio kwenye mapambano, huko akili iko vidoleni. Angalia ile mida ya kimya, uko kwenye menyu unamtazama tu kasimama, au mtu wa kijijini ndani ya gemu anakuita jina. Hapa Kiswahili chetu kinatuzuga kidogo, maana sisi ni "yeye" na "amekuja" kwa wote, unaweza kuishi miaka sentensi haijawahi kukugusa, afu gemu ya Kiingereza inakuita "she" au "he" na tumbo linacheza. Andika siku hiyo hiyo, vizuri au vibaya, ukisubiri kesho utaanza kujieleza.

Swali linalosumbua wengi ni hili: namtaka huyu karakta au nataka kuwa huyu karakta? Jaribu hivi, mfikirie yupo na wewe uko pembeni yake kama mtu mwingine, mnaongea vizuri tu. Kama umeridhika, sawa. Kama unajisikia umenyang'anywa kitu, hilo ni jambo jingine. Na vyote viwili vinaweza kuwepo kwa mpigo, usijitese kuchagua.

Sa hatua ninayoipenda mimi, mharibu. Karakta wa gemu ni wazuri mno, nani hataki kuwa hivyo, kwa hiyo uzuri unaweza kukudanganya. Ingia The Sims 4, gemu ya kutengeneza watu na kuwaendeshea maisha, tangu mabadiliko ya 2016 nguo, sauti na mwendo havijafungwa kwa jinsia, mtengeneze mtu wa kawaida kabisa, tumbo, uso umechoka, afu mzeeshe. Unataka kuwa huyo bibi, au huyo babu, aliyekaa kwenye kochi hafanyi kitu? Mimi hapo ndo nliponyamaza muda mrefu. Kama zote mbili zinakubana, mwanamume hapana mwanamke hapana, tengeneza wa tatu wa katikati, au ingia Animal Crossing: New Horizons ya 2020, pale unachagua mtindo tu na nywele na nguo zote ni za wote.

Tahadhari moja, watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha mwaka 2007 kwamba avata, yaani ule mwili unaouvaa ndani ya kompyuta, inabadilisha tabia ya anayeivaa, waliopewa avata ndefu walikuwa wabishi zaidi kwenye kugawana pesa. Kwa hiyo kujisikia jasiri ndani ya gemu peke yake sio jibu, na watu wengi tu wanacheza jinsia nyingine maisha yao yote bila maana yoyote. Ukikuta na wewe ni hivyo, basi umecheza gemu, hujapoteza kitu. Na usijione umechelewa. Maddy Thorson aliyeongoza utengenezaji wa Celeste, gemu ya 2018, aliandika mwaka 2020 kwamba Madeline, karakta mkuu wa gemu hiyo, ni transjenda, yaani jinsia yake sio ile aliyoandikiwa alipozaliwa, na kwamba wakati anamtengeneza hakujua hilo kuhusu Madeline wala kuhusu nafsi yake.

Kama mashine mnatumia pamoja nyumbani, kumbuka sevu ina jina na wengine wanaliona, fungua profaili yako, na onlaini usiweke picha wala jina la kwenye vyeti. Huna deni la kumweleza mtu kabla hujawa tayari, na kama kuna hatari ya kufukuzwa au kupigwa basi subiri, nasema kwa kumaanisha.

Mwisho itoe nje ya gemu, kidogo tu. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mwambie mkicheza akuite kaka badala ya dada, au dada badala ya kaka, au jina tu bila chochote, kwa jioni moja. Mimi rafiki yangu alisema "dada nyuma yako, nyuma!" na nikauawa pale pale, maana vidole viligoma kubonyeza.