Kuona mwani ukijitengenezea chakula juani

Chota konzi moja ya mwani wa nyuzi za kijani kwenye lambo, usuuze tope lote. Chemsha lita 1 ya maji, yaache yapoe kabisa, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Soda huupa mwani kaboni unayohitaji kutengeneza sukari. Magadi ya kupikia maharage usitumie, ni makali mno.

Gawa maji katika chupa mbili angavu; mwani uwe kwenye moja tu. Ziweke juani saa 3 asubuhi. Baada ya muda viputo vya oksijeni, ambayo mwani huitoa unapotengeneza sukari, hushika kwenye nyuzi na kuziinua juu.

Chupa isiyo na mwani usiiruke; ndiyo ya kulinganishia. Maji ya bomba yasiyochemshwa, yakipata joto, hutoa viputo vya hewa yenyewe, na hapo wengi hudanganyika. Jua la Dodoma la saa 7 mchana nalo huweza kupasha chupa hadi mwani unyong'onyee. Zitie kwenye beseni la maji baridi.

Funika kwa kitambaa cheusi: viputo vipya hukoma. Nyasi hufanya kazi ileile, ila oksijeni yake hupotelea hewani bila kuonekana.