Mkondo wa Bahari na Uchaguzi wa Mazao ya Pwani

Mkulima wa ukanda wa pwani anayechagua mbegu asitazame latitudo na mwinuko peke yake, bali aulize kwanza ni mkondo gani wa bahari unaopita mbele ya ufuo wake. Durban na Port Nolloth, miji miwili ya Afrika Kusini, inakaribiana sana kwa latitudo. Lakini Durban, iliyo upande wa mkondo wa joto wa Agulhas, hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka na miwa hustawi kandokando yake, ilhali Port Nolloth, iliyo upande wa mkondo baridi wa Benguela, haifikishi milimita 100.

Maji ya joto hutoa mvuke mwingi, na hewa iliyopata joto hupanda hadi ikafanya mawingu ya mvua. Maji baridi, ambayo hupanda kutoka kilindini pale pepo zinapoyasukuma maji ya juu mbali na ufuo, hupoza hewa iliyo karibu na bahari. Hewa hiyo huwa nzito, hushindwa kupanda, na unyevu wake huishia kuwa ukungu.

Ukungu huo huwahadaa wengi. Alfajiri majani hudondosha maji, lakini ukichomeka kidole ardhini chini yake unakuta vumbi tupu. Kwa hiyo unyevu upimwe kwenye kina cha mizizi, wala si kwa kutazama majani. Majani yanayolowa kwa saa nyingi hukaribisha ugonjwa wa bakajani kwenye viazi na nyanya. Ni heri kupanda kwa nafasi pana na kumwagilia kwa matone karibu na shina. Tena, kwa kuwa hakuna mvua ya kusuuza udongo, chumvi hujikusanya juu, na dawa yake ni kumwagilia mara mojamoja maji yanayozidi mahitaji ya mmea, mradi shamba liwe na mifereji ya kuyatoa.

Upande wa mkondo wa joto, kwa kuwa mvua ni nyingi, kazi kubwa ni makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji yasichukue udongo, na ukaushaji wa mavuno.

Hata hivyo bahari hubadilika. El Niño ya 1997 na 1998 ilipopasha joto maji ya Peru, ambayo kwa kawaida ni baridi, pwani kame ya kaskazini ya nchi hiyo ilikumbwa na mafuriko. Utabiri wa msimu usomwe kabla ya kununua pembejeo, na palipotajwa El Niño, sehemu ya mbegu iwekwe akiba kwa ajili ya kupanda upya.