Mkomamanga na viazi vitamu kwenye kipande kimoja
Kama unajiuliza upande mkomamanga au viazi vitamu, usichague. Panda mche wa mkomamanga, kisha jaza nafasi iliyobaki kwa matuta ya viazi, ukiacha mita 1 kuzunguka shina. Viazi huvunwa baada ya miezi 4 hivi, mkomamanga hukawia miaka 2 au 3 kuzaa. Katikati hapo marando yanafunika udongo, yanabana magugu, na matembele unachuma bure. Hiyo mita usiipunje, jembe la kuvunia hukata mizizi. Mkomamanga ukishatanda kivuli, acha: viazi vitatoa majani matupu. Panapotuama maji haifai kabisa, vyote viwili huoza. Na kama nyumba ni ya kupanga, mimi ningepanda viazi tu.