Somo: Kudopi zinki oksaidi kwa kobalti (yaani kuitia kobalti kidogo), na kuhakikisha usumaku ni wa utando (tabaka jembamba juu ya kioo) wenyewe

Zinki oksaidi safi haina usumaku wa kudumu. Ganda la 3d (moja ya matabaka ya elektroni) la kila ioni ya zinki limejaa elektroni 10, na kila moja ina mwenzake wa kuifuta. Ukitoa zinki kidogo na kuweka kobalti mahali pake, kila ioni ya kobalti inaleta elektroni 3 zisizo na wenza. Mwaka 2000 mwanafizikia Dietl na wenzake walitabiri kwamba zinki oksaidi yenye manganizi 5% na mashimo mengi ya chaji (nafasi zinazokosa elektroni) ingeweza kuwa sumaku hata kwenye joto la chumba. Mwaka 2001 kundi la Japani likatangaza usumaku huo katika titani oksaidi yenye kobalti. Tangu hapo matokeo ya maabara mbalimbali yamepingana vikali, na kwa maoni yangu utayarishaji na uchafu vimechangia sana.

Hatua ya 1: Mchanganyiko. Kwa mililita 100 za myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) wenye kobalti 5%, pima gramu 2.085 za asetati ya zinki (yenye molekuli 2 za maji) na gramu 0.125 za asetati ya kobalti (yenye molekuli 4). Yeyusha katika maji safi ya maabara na methanoli, kisha tia matone machache ya asidi ya asetiki ili myeyusho usifanye mashapo.

Hatua ya 2: Kunyunyizia. Safisha vioo, vipashe hadi takriban nyuzi 400 za Selsiasi, kisha nyunyizia kwa vipindi vifupi, ukiacha joto lirudi kila mara. Fanya kazi hii chini ya chemba ya kutolea moshi. Methanoli hushika moto haraka, na kobalti ni sumu.

Hatua ya 3: Sampuli za kulinganisha. Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Tengeneza pia utando usio na kobalti kwa chombo kilekile, siku ileile, na uweke kando kioo kitupu kilichopashwa vilevile.

Tupige hesabu. Utando wa nanomita 300 kwenye sentimita 1 ya mraba, wenye kobalti 5%, una ioni za kobalti kama 6 × 10¹⁶. Usumaku wa zote ukielekea upande mmoja, utapata takriban emu 0.0017 (emu ni kizio cha usumaku), na sampuli nyingi hutoa kidogo sana kuliko hapo. Maikrogramu 1 tu ya chuma hutoa emu 0.0002. Udongo mwekundu wa Nairobi unapata rangi yake kutoka oksaidi za chuma, na vumbi lake linapita chini ya mlango wowote. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kushika tando za hafni oksaidi kwa kibano cha chuma kulitosha kuleta "usumaku". Tumia kibano cha plastiki. Kioo kioshwe kwa asidi kabla ya kunyunyizia, kamwe si baada, kwa sababu asidi itakula utando.

Hatua ya 4: Kobalti iko wapi? Utando ukiwa wa kijani, na mwanga ukimezwa karibu na nanomita 565, 610 na 655, kobalti imekaa mahali pa zinki. Kwenye kipimo cha eksirei (kwa mirija yenye shaba) tafuta kilele cha zinki oksaidi karibu na 34.4°. Kilele karibu na 44° kinaashiria kobalti ya metali. Lakini kutokiona hakuthibitishi kwamba haipo, maana vichembe vidogo na vichache hupita bila kuonekana.

Hatua ya 5: Kupima. Pima usumaku wa sampuli zote tatu kwa magnetometa (kifaa cha kupimia usumaku). Kioo hutoa mstari unaoshuka kadiri uga wa sumaku unavyopanda. Uondoe mstari huo kwanza, kisha ndipo utafute kitanzi cha histeresisi (umbo linaloonyesha kwamba usumaku unabaki hata uga ukiondolewa).

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Juja:* Mwalimu, nilipotoka 5% kwenda 10%, usumaku kwa kila ioni ulishuka. Nimekosea?

Si lazima. Kila ioni ina majirani 12 wa karibu wa aina yake. Kwenye 5%, uwezekano wa kobalti kutokuwa na jirani wa kobalti ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe hadi ziwe 0.95 kumi na mbili, yaani 54%. Kwenye 10% ni 28% tu. Kobalti mbili zinazoshiriki oksijeni huelekea kinyume na kufutana.

*Mwanachama, Ngara:* Nikipasha utando kwenye hidrojeni, usumaku unapanda sana. Ni nafasi tupu za oksijeni?

Inawezekana, ndugu yangu. Kuna modeli ya mwaka 2005 ya mwanafizikia Coey na wenzake inayosema elektroni zilizonaswa kwenye kasoro hizo huunganisha ioni za mbali. Lakini hidrojeni pia hugeuza kobalti kuwa metali, ambayo ni sumaku hadi kelvini 1388. Rudia vipimo vya mwanga: mistari ile mitatu ya Hatua ya 4 (nanomita 565, 610 na 655) ikififia baada ya kupasha, shuku metali kwanza. Jaribu pia kuongeza alumini badala ya hidrojeni. Inaleta elektroni bila kuiondoa oksijeni.

*Mwalimu wa sekondari, Kayole:* Sisi hatuna magnetometa. Tuanzie wapi?

Anzeni na rangi, unene na ukinzani wa umeme kwa 0%, 2%, 5% na 10%. Rangi itawapa dalili kama kobalti imeingia. Mkipata mahali pa kupimia, tumeni tando kwenye vikasha vya plastiki vilivyofungwa, pamoja na kioo kitupu, na muandike kwenye kila kikasha nani alikishika na kwa kibano gani.