Kufunga kipimo kwenye transfoma ya mtaa

Huku Uganda, tangu sheria ya 1999 itenganishe uzalishaji, usafirishaji na usambazaji, msambazaji hununua umeme kwa jumla; unaopotea kupita kiwango alichoruhusiwa humtoka mfukoni. Kwa hiyo, kutafuta unapopotelea, anza na transfoma.

Ya kVA 200 (ndio uwezo wake), volti 415, hubeba takriban ampea 278 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya zake tatu za umeme. Mimi huweka alamu kwenye 250.

Funga vihisi vya mkondo vitatu (vya kupima ampea), kimoja kwa kila fezi, mishale iliyochorwa juu yake yote ielekee kwa wateja. Kuna siku nilikigeuza kimoja kwa haraka, skrini ikaonyesha fezi ya bluu inazalisha umeme! Hakiki kwa klampu mita, ile inayobana waya na kupima ampea, kabla hujashuka nguzoni.

Kisha linganisha yuniti za transfoma na jumla ya mita za wateja wake, kwa saa zilezile. Pengo likipanuka usiku, kagua waya, huenda kuna waliojiunganishia kwa siri.