Kujaza Hojaji za Mtandaoni kwa Malipo: Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza

Ni mwaka wa tano sasa ninajaza hojaji za kampuni za utafiti wa soko kwa simu yangu hapa Mombasa. Malipo yake hunitosha kununua bando na tokeni za umeme, na mwezi ukiwa mzuri hujaza mtungi wa gesi wa kilo 6. Kodi ya nyumba hayalipi, na yeyote atakayekuahidi kwamba yatailipa anakuandalia hasara. Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye nusu saa ya bure kwa siku, ambaye angependa nusu saa hiyo imletee chochote kwa njia ya halali.

Hatua ya kwanza ni kufungua barua pepe mpya ya kazi hii peke yake, yenye nenosiri ambalo hulitumii mahali pengine popote, na kuhakikisha kwamba laini ya simu utakayoitumia imesajiliwa kwa jina na kitambulisho chako mwenyewe. Kampuni nyingi hulinganisha jina la akaunti na jina la anayepokea pesa, na hukubali akaunti moja tu kwa kila mtu. Mimi nilijifunza jambo hili kwa uchungu: mdogo wangu alijisajili kwa simu yangu, kwenye kampuni ileile niliyokuwa nikijibu hojaji zake, na wiki iliyofuata akaunti zote mbili zikafungwa, pointi zangu za thamani ya shilingi 1,800 zikapotea. Ndugu, mke au rafiki akitaka kuanza, aanze kwa simu yake.

Hatua ya pili ni kuchagua kampuni, na hapa nakuomba usome polepole. Kampuni ya utafiti hulipwa na watengenezaji wa sabuni, mabenki na vituo vya redio wanaotaka kujua wateja wao wanafikiri nini. Kwa hiyo haina sababu yoyote ya kukutoza ada ya usajili. Ukiambiwa ulipe kidogo ili ufunguliwe kazi za ngazi ya juu, au ulete watu watatu ndipo utoe pesa zako, ondoka hapo hapo, hata kama jirani amekuonyesha ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha kwamba amelipwa. Jirani hasemi uongo. Amelipwa kwa pesa za waliojiunga baada yake, na siku watu wapya watakapokwisha, malipo nayo yatakwisha. Kampuni ya kweli hueleza waziwazi inalipa kwa njia gani na kiwango cha chini cha kutoa ni kipi. Zingine, kama GeoPoll, hutuma maswali kwa ujumbe mfupi na kukulipa kwa salio la simu. Zingine hukuwekea pointi mpaka zifikie thamani ya dola kadhaa. Anayeanza namshauri aanzie kwenye kiwango kidogo, ili aone malipo ya kwanza mapema na kujua kama anafanya kazi na watu wakweli.

Hatua ya tatu ni kujaza wasifu wako: umri, mahali unapoishi, idadi ya watu nyumbani, kazi na kipato. Jaza ukweli mtupu, kwa sababu maswali hayo hayo yatarudi miezi baadaye na majibu yatalinganishwa.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kazi yenyewe, ni kujibu. Hojaji huanza na maswali ya mchujo, na mara nyingi utaondolewa baada ya dakika mbili bila malipo kwa sababu hufai kwa utafiti huo au nafasi za watu wa rika lako zimejaa. Hapo ndipo kishawishi huingia. Wakati mmoja niliulizwa ni chapa gani ya mafuta ya kupikia niliyonunua wiki iliyopita. Mimi nilikuwa nimenunua mafuta ya kupima ya shilingi 50, kwenye kioski cha mtaani, nikiwa na chupa yangu mkononi, na nilijua kwamba nikichagua chapa yoyote ningeendelea hadi kwenye malipo. Nilichagua mafuta ya kupima, nikaondolewa. Sijutii, kwa kuwa maswali kama hayo ndiyo yanayomwambia mtengenezaji kwamba sehemu kubwa ya wateja hununua kidogo kidogo, na tukidanganya sote, atatutengenezea chupa tusizoweza kuzinunua.

Ndani ya hojaji kuna mitego ya kupima umakini, kwa mfano sentensi inayokutaka uchague "sikubaliani kabisa" bila maelezo zaidi. Anayebofya safu moja kutoka juu hadi chini hunaswa, na anayemaliza maswali 40 kwa dakika tatu hunaswa pia. Jibu ukiwa umetulia mahali penye mtandao imara; niliwahi kuanza hojaji ndefu nikiwa kwenye feri ya Likoni, mtandao ukakatika katikati ya kivuko, na niliporudi ukurasa ulikuwa umejifunga.

Hatua ya tano ni kuweka daftari. Kila hojaji naandika dakika na malipo: moja dakika 14, shilingi 35; nyingine dakika 25, shilingi 40. Ya pili haikufaa, na tangu niliposoma daftari langu vizuri sianzi hojaji inayolipa chini ya shilingi 2 kwa dakika. Zenye video hula bando, kwa hiyo gharama hiyo nayo iandikwe.

Hatua ya sita ni kutoa pesa. Kwa viwango vya M-Pesa ninavyolipa, kutoa kwa wakala kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 hukatwa shilingi 29. Anayetoa 500 mara tano hulipa 145, na anayesubiri atoe 2,500 kwa pamoja hulipa 29 tu. Malipo ya dola yanayopitia PayPal, huduma ya kutuma na kupokea pesa mtandaoni, yanaweza kuhamishiwa M-Pesa, lakini angalia kwanza bei ya ubadilishaji. PIN yako haihitajiki ili upokee pesa, hata siku moja.

Ukilipwa kwa salio la simu, salio unalotumia kwenye Safaricom nalo huzaa pointi za Bonga, yaani pointi za zawadi za mteja, 1 kwa kila shilingi 10, na wengi huzisahau. Piga *126# uziangalie.

Ukiamua kuachana na kampuni, toa kwanza kilichobaki, kisha iandikie uiombe ifute taarifa zako. Kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba hivyo, na ikikupuuza unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hifadhi nakala ya barua hiyo pamoja na tarehe uliyoituma.